Kupanda milkwidi nyumbani ili kuwavuta vipepeo monaki: mwongozo kamili kwa tunaoishi Marekani na Kanada

Monaki jike hatagi popote isipokuwa kwenye milkwidi, mmea wa porini wenye utomvu mweupe (kwa Kiingereza milkweed). Maua ya kila namna yanaweza kumfanya atue bustanini kwako, anywe nekta na kuendelea na safari, lakini mayai yake anayaweka kwenye mimea ya jenasi ya Asclepias na ndugu zake wachache tu, kwa sababu kiwavi wake hawezi kuishi kwa jani lingine. Kwa hiyo tunapozungumzia bustani ya monaki tunazungumzia mmea unaopandwa ili uliwe. Kama huwezi kuvumilia kuona majani yametobolewa na mashina yamebaki njiti mwezi wa Agosti, panda waridi.

Zamani mmea huu haukuhitaji mtu wa kuupanda. Uliota wenyewe kando ya barabara na katikati ya mashamba ya mahindi na soya ya Iowa, Illinois na Minnesota. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, mbegu za mazao yanayostahimili glaifoseti ziliposambaa, wakulima waliweza kupulizia shamba zima dawa hiyo ya magugu bila kudhuru zao lenyewe, na milkwidi ikatoweka mashambani. Huko Mexico, ambako monaki wa upande wa mashariki wa bara hukaa majira ya baridi kwenye misitu ya milimani ya Michoacán na jimbo la Mexico, hawahesabiwi mmoja mmoja. Hupimwa eneo la msitu walilolifunika. Msimu wa 1996–97 lilikuwa hekta 18 hivi. Msimu wa 2013–14 lilishuka hadi hekta 0.67, na msimu wa 2024–25 lilikuwa hekta 1.79. Desemba 2024 serikali ya Marekani ilipendekeza monaki aingizwe rasmi kwenye orodha ya viumbe wanaotishiwa kutoweka.

Jua ratiba yao kabla ya kushika jembe

Vipepeo wanaotoka Mexico huondoka mwezi wa Machi. Wanafika Texas na majimbo jirani Machi na Aprili, wanataga, wanakufa. Watoto wao ndio wanaoendelea kaskazini: Ohio na Iowa mwezi wa Mei, Minnesota na kusini mwa Ontario mwisho wa Mei hadi Juni. Kiangazi kizima vinapita vizazi viwili vitatu, kila kipepeo akiishi kati ya wiki mbili na sita. Kisha wanaozaliwa mwisho wa Agosti na Septemba wanakuwa wa namna nyingine: hawazai kwanza, wanageuka kusini na kuruka hadi Mexico, nao huishi miezi minane au zaidi.

Maana yake kwa mpandaji ni hii. Ukiwa Houston au Dallas, milkwidi yako inatakiwa iwe na majani mapema Machi. Ukiwa Minneapolis au Toronto, usihangaike kabla ya katikati ya Mei. Jitahidi majani yawepo, tena yawe laini, kuanzia Juni hadi Agosti.

Chagua aina ya mahali ulipo

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu mambo, kwa sababu duka kubwa la vifaa vya bustani huuza kile kinachochanua haraka, wala haliulizi unaishi wapi. Amerika Kaskazini ina aina za Asclepias zaidi ya 70. Majina ya kawaida yanachanganya, hivyo kwenye pakiti au lebo soma jina la Kilatini.

Kwa wakazi wa kaskazini, mashariki na majimbo ya kati, aina tatu zinatosha:

*Asclepias syriaca* ndiyo ya kienyeji kabisa, yenye majani mapana na maua ya waridi iliyofifia yanayonukia vizuri mno jioni. Monaki wanaipenda sana kwa kutagia. Inafika mita moja na nusu. Tabia yake mbaya ni mizizi inayotambaa chini ya ardhi na kuchipua pale usipotaka, hata katikati ya nyasi za jirani. Ipande kama una eneo la nyuma ya nyumba usilojali kuliachia. Kwenye kitanda kidogo cha maua karibu na mlango, usiipande.

*Asclepias incarnata* ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Inakua kwa kishungi bila kutambaa, inavumilia udongo wa mfinyanzi na maji yanayotuama, na monaki wanaitagia kwa wingi. Inahitaji unyevu, usiiweke juu ya kichuguu kikavu.

*Asclepias tuberosa* ni fupi, maua yake ni ya rangi ya chungwa kali, inapenda udongo wa kichanga usiotuamisha maji. Inapendeza mbele ya nyumba na majirani hawaoni kama ni gugu. Ila monaki hutaga juu yake kwa uchache kuliko hizo mbili, kwa hiyo isiwe peke yake.

Texas na Oklahoma tafuta *Asclepias viridis* na *Asclepias asperula*. Kwenye joto la Phoenix, *Asclepias subulata*, ambayo karibu haina majani, hustahimili ukame. California iliyo mbali na bahari, *Asclepias fascicularis*. Majimbo ya magharibi yaliyo kati, *Asclepias speciosa*.

Sehemu mbili hazihitaji milkwidi kabisa. Ya kwanza ni ukanda wa pwani ya California karibu na miti wanakolala monaki wa magharibi wakati wa baridi: shirika la Xerces Society linashauri usiipande huko, kwa sababu inawashawishi wazae wakati wanapaswa kupumzika. Panda maua ya nekta tu. Ya pili ni upande wa Seattle, magharibi ya milima ya Cascade. Milkwidi si ya asili huko na monaki hupita kwa nadra. Nguvu zako ziende kwa nyuki na vipepeo wengine waliopo.

Halafu kuna *Asclepias curassavica*, yenye maua mekundu na njano, ndiyo iliyojaa madukani. Haihitaji baridi ili kuota, inachanua mwaka huohuo, na monaki wanaikimbilia. Tatizo ni pale ambapo baridi haiuui. Florida, pwani ya Texas na kusini mwa California inabaki kijani mwaka mzima, na juu ya majani yake hujikusanya spora za kimelea kiitwacho *Ophryocystis elektroscirrha*. Kiwavi anazila pamoja na jani; akitoka kwenye pupa akiwa ameathirika sana, mbawa hukunjamana na hawezi kuruka. Kama tayari unayo na unaishi kwenye joto, ikate hadi ibaki sentimita 15 kutoka ardhini mwezi wa Oktoba, uendelee kuikata ikichipua hadi Februari. Kwa maoni yangu ni heri kuing'oa na kuweka aina ya kienyeji.

Mahali

Jua la muda wa saa sita hadi nane kwa siku. Chini ya hapo mmea unarefuka, unalala na hauchanui. Usitie mbolea ya chumvichumvi; udongo wa kawaida unatosha, na majani yaliyolishwa mno huvuta vidukari.

Kuondoa nyasi hakuhitaji dawa. Tandaza maboksi ya katoni yasiyo na gundi ya plastiki juu ya nyasi mwezi wa Septemba au Oktoba, loanisha, mwaga juu yake mboji au vipande vya mbao sentimita 10, acha hadi majira ya kuchipua. Nyasi zitakuwa zimekufa na udongo umelainika.

Panda nyingi pamoja. Kiwavi mmoja hula majani 20 na zaidi kabla ya kuwa pupa, na jike mmoja anaweza kuacha mayai kadhaa kwenye mche mmoja. Monarch Watch, mradi ulioanzishwa mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Kansas, hushauri angalau mimea kumi ya aina mbili au zaidi. Kati ya mche na mche acha sentimita 45 hadi 60.

Mbegu zinataka baridi kwanza

Sisi tuliozoea kufukia mbegu ya mahindi mvua ikinyesha na kuiona juu ndani ya wiki, hili linatushangaza. Mbegu za milkwidi za kaskazini huanguka vuli zikiwa zimelala, na hazizinduki mpaka zipite kipindi cha baridi yenye unyevunyevu. Ni kinga yao: zikiota Oktoba zitauawa na theluji. Mtu anayezitia kwenye udongo mwezi wa Mei moja kwa moja kutoka kwenye pakiti hupata miche michache au hapati kabisa, kisha analaumu muuzaji. Aina za Texas na kusini zinaweza kuhitaji muda mfupi zaidi, na *curassavica* haihitaji.

Zipo njia tatu. Njia ya uvivu ndiyo nzuri kwa mwenye ardhi yake: Oktoba au Novemba, ardhi ikishapoa lakini haijaganda, kwaruza udongo, tupia mbegu, zifunike kwa nusu sentimita tu ya udongo, kandamiza kwa mguu, ondoka. Majira ya baridi yatafanya kazi yote. Weka kijiti cha alama, la sivyo mwezi wa Mei utaing'oa miche ukidhani ni magugu.

Njia ya friji inafaa kama umechelewa na sasa ni Februari au Machi. Chukua karatasi nene ya jikoni, iloweshe, ikamue mpaka isidondoke tone. Panga mbegu juu ya nusu moja, kunja, tia kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, andika aina na tarehe. Weka kwenye friji ya kawaida, rafu ya katikati, kwa siku 30 hadi 60. Usiweke kwenye friza. Kila wiki fungua uangalie: karatasi ikikauka nyunyiza maji, ukiona ukungu hamishia mbegu kwenye karatasi mpya. Waambie wa nyumbani mapema kilichomo, maana mfuko wenye karatasi chafu hautadumu kwenye friji ya mama yeyote wa Kiswahili.

Baada ya hapo otesha kwenye vikopo virefu vyenye matundu chini, kwa sababu mzizi hushuka haraka kuliko shina linavyopanda. Mbegu mbili tatu kwa kikopo, kina cha nusu sentimita, joto la nyuzi 21 au zaidi, mwanga mwingi. Zinachipua ndani ya siku 7 hadi 14. Miche ikibanana, kata uliozidi kwa mkasi, usiivute, maana mizizi imeshikana. Kwa Minnesota hesabu yake ni hivi: friji mwanzoni mwa Machi, vikopo mwanzoni mwa Aprili, nje katikati au mwisho wa Mei wakati hatari ya baridi ya kugandisha imepita.

Njia ya tatu, ya madumu ya maziwa, ndiyo ninayoipenda kwa wanaokaa kwenye ghorofa. Chukua dumu la plastiki la galoni moja linalopitisha mwanga, osha. Toboa matundu sita au zaidi chini. Likate kiunoni kuzunguka ukiacha upande mmoja umeshika kama bawaba. Jaza udongo wa kuotesha sentimita 10, umwagilie, tawanya mbegu, zifunike kidogo, funga dumu kwa utepe mpana wa gundi, tupa kifuniko cha juu ili mvua na theluji ziingie. Weka nje kwenye roshani yenye jua mwezi wa Januari. Usilifungue. Mbegu zitapata baridi yao, na dumu litakuwa banda dogo la kuoteshea jua la Aprili likianza kupasha. Miche inayotoka humo imekomaa kuliko ya dirishani, maana imezoea upepo na mabadiliko ya joto tangu siku ya kwanza.

Kuhamishia ardhini

Miche ya ndani izoeshwe nje kwa wiki nzima: siku ya kwanza kwa muda wa saa mbili kivulini, uongeze kidogo kidogo hadi ivumilie jua la mchana. Hamisha ikiwa na urefu wa sentimita 8 hadi 10, jioni au siku ya mawingu. Chimba shimo refu, usikunje mzizi, mwagilia hadi maji yashuke. *Tuberosa* ihamishwe ikiwa changa sana au isihamishwe kabisa. Mzizi wake mkuu ukikatika inadumaa.

Inaweza kuonekana kama imekufa wiki ya kwanza, majani yakapukutika. Endelea kumwagilia. Mwaka wa kwanza mmea unajenga mizizi, na mara nyingi hauchanui mpaka mwaka wa pili. Mwaka unaofuata utachelewa kuchipua kuliko kila kitu kingine bustanini. Usiufukue kuangalia kama upo.

Ukinunua miche

Uliza swali moja kabla ya kulipa: mche huu, au mbegu yake, umetiwa dawa za jamii ya neonikotinoidi? Dawa hizo huingia ndani ya mmea wenyewe, haziondoki kwa kuosha, na kiwavi atakula sumu. Muuzaji akisema hajui, nenda kwa mwingine, hasa vitalu vidogo vya mimea ya asili ambavyo huuza mwezi wa Mei. Mche wenye majani yaliyotobolewa na wadudu ni ishara nzuri hapa.

Utomvu

Jani likikatika hutoka utomvu mweupe wenye sumu inayogusa moyo. Ndiyo inayomfanya monaki awe mchungu kwa ndege, lakini kwako hatari kubwa ni macho: ukijipangusa jicho kwa kidole chenye utomvu unaweza kupata maumivu makali na ukungu wa macho unaohitaji daktari. Vaa glavu, nawa mikono kwa sabuni, na wafundishe watoto. Mbuzi, kondoo, farasi na ng'ombe wanaweza kufa wakila ya kutosha.

Maua ya kunywea

Kipepeo mzima anahitaji nekta, na hasa Agosti hadi Oktoba anapojaza mafuta ya safari. Panda *Echinacea purpurea*, *Liatris ligulistylis* ambayo monaki huigombania, *Symphyotrichum novae-angliae* na *Solidago* kwa ajili ya vuli. (*Solidago* husingiziwa mafua ya mzio, chavua yake ni nzito na haipeperuki, mkosaji ni gugu jingine linalochanua wakati huohuo.) Kwa haraka ya mwaka huohuo, zinia na *Tithonia rotundifolia* huota kwa mbegu za dola chache. Huyu wa mwisho ni ndugu wa *Tithonia diversifolia*, ile ya maua ya njano inayojaa kando ya barabara za magharibi mwa Kenya na ambayo wakulima huikata kuwa mbolea ya kijani.

Wamefika: nini cha kutazama

Jike hutua juu ya jani, hugusagusa kwa miguu ya mbele kuonja, kisha hukunja tumbo lake chini ya jani kwa sekunde moja na kuondoka. Geuza jani hilo. Yai ni moja peke yake, rangi ya maziwa, dogo kama kichwa cha pini, lenye ncha juu na mistari iliyoshuka wima. Tone la utomvu lililokauka huwadanganya wengi. Lenyewe halina mistari. Yai likipiga weusi juu, litaanguliwa ndani ya saa chache. Kwa kawaida huchukua siku tatu hadi tano.

Kiwavi anayetoka hana hata rangi. Anakula ganda la yai lake kwanza, halafu anakutana na tatizo: jani hilihili analolihitaji linatoa gundi inayoweza kumzamisha. Kwa hiyo hutafuna duara dogo juu ya jani, akikata mishipa ya utomvu kuzunguka sehemu aliyoichagua, kisha hula ndani ya duara. Ukiona vitundu vya nusu duara kwenye majani machanga, inama, yupo. Akishakuwa mkubwa hutumia mbinu nyingine: hupanda kwenye kikonyo, hukitafuna nusu hadi jani zima linaning'inia chini, utomvu unakauka, naye anakula ukingoni kwa raha. Jani lililoinama ghafla kwenye mmea wenye afya ni alama yake ya wazi kabisa.

Ana pete za njano, nyeusi na nyeupe, na jozi ya nyuzi nyeusi mbele na nyingine nyuma. Kiwavi wa kijani mwenye mistari myeusi uliyemkuta kwenye karoti au kotimiri si monaki. Hujibadili ngozi mara kadhaa kwa siku 10 hadi 14. Kisha siku moja humwoni. Ameondoka kwenye milkwidi na kwenda, wakati mwingine mita kadhaa, kutafuta uzio, ukingo wa kiti au chini ya dirisha. Hujining'iniza kichwa chini, na siku ya pili anakuwa pupa ya kijani yenye nukta za dhahabu. Siku 8 hadi 15 baadaye pupa inaonekana nyeusi. Kwa kweli imekuwa angavu na unaona mbawa ndani. Mara nyingi anatoka asubuhi. Muache akauke mbawa kwa saa kadhaa. Dume ana doa jeusi kwenye mshipa wa kila bawa la nyuma, jike hana.

Wageni wengine

Vidukari wa njano, wadudu mafuta kama wanavyoitwa Tanzania, watakuja na kufunika mashina. Ni wabaya kwa macho kuliko kwa mmea uliokomaa. Kama lazima, kwanza tazama mayai ya monaki, kisha waponde kwa vidole vyenye glavu au wapige kwa maji ya mpira. Sabuni na mafuta huua mayai na viwavi pia.

Wapo kunguni wekundu-na-weusi wanaokula mbegu, na viwavi wenye manyoya mengi ambao wanaweza kumaliza shina zima. Wote ni wenyeji wa mmea huu tangu kale. Waache, ndiyo maana tulipanda nyingi. Nyigu, sisimizi, buibui na vunjajungu watakula watoto wa monaki, na kuna nzi anayetaga juu ya kiwavi hadi funza weupe wanamtoka wakining'inia kwa nyuzi. Katika mayai mia, wanaofika kuwa vipepeo huwa hawazidi kumi. Jike mmoja hutaga mamia kwa sababu hiyo.

Sumu ni jambo jingine. Kama una matuta ya sukuma wiki au kabichi na unapulizia Bt, dawa ya bakteria inayoua viwavi, kumbuka Bt haichagui kiwavi. Upepo ukiipeleka kwenye milkwidi umewaua. Tenga vitanda hivyo mbali, au funika sukuma kwa wavu. Kampuni ya kupuliza dawa ya mbu uwanjani ikikugongea mlango, kataa.

Kuwafuga ndani

Watu huokoa mayai yote na kuyalea kwenye vizimba sebuleni. Mmoja au wawili kwa ajili ya watoto kuona, sawa. Makumi kwa makumi, hapana: kimelea kinaenea haraka wakibanana, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa monaki waliolelewa ndani hushindwa kushika mwelekeo wa kusini kama waliokulia nje. Usinunue vipepeo vya kuachia kwenye harusi.

Mwenye nyumba, jirani na roshani

Ukipanga, omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Vyama vya wenye nyumba na miji mingi vina sheria za urefu wa nyasi, na mkaguzi hatofautishi milkwidi na pori. Weka mpaka wa mawe, kata nyasi kuzunguka kitanda vizuri, na simamisha kibao kinachosema ni makazi ya monaki. Monarch Watch husajili bustani kama hizo tangu 2005 na huuza vibao. Ontario yenyewe iliiondoa *syriaca* kwenye orodha ya magugu mabaya mwaka 2014.

Roshani inawezekana. Chungu chenye kina cha sentimita 30 au zaidi, matundu chini, mche mmoja au miwili ya *incarnata*, maji kila siku kwenye joto la Julai. Wakati wa baridi sukuma vyungu ukutani na uvifunike, kwani mizizi kwenye chungu hupigwa na baridi kuliko ya ardhini.

Julai hadi majira ya baridi

Kaskazini, mwanzoni mwa Julai, kata theluthi moja ya mashina ya *syriaca* katikati, baada ya kukagua mayai. Yatachipua majani laini wakati yale mengine yamekuwa magumu, na majike wa mwisho wa kiangazi hupendelea laini.

Vifuko vya mbegu vikibadilika kuwa kahawia na mshono ukipasuka ukibonyeza kidogo, vuna. Shika upande wa nyuzi za hariri kwa nguvu, kwangua mbegu kwa kidole gumba kabla nyuzi hazijafumuka, vinginevyo nyumba nzima itajaa manyoya. Nyuzi hizo zina historia yake: katika Vita Kuu ya Pili, Japani ilipoikamata Java na sufi ya kujazia maboya ikakatika, watoto wa shule wa Marekani na Kanada walitumwa mwaka 1944 kukusanya vifuko vya milkwidi ili nyuzi zake zishike nafasi ya sufi hiyo kwenye maboya, sufi ileile ya mito na magodoro yetu ya pwani.

Hifadhi mbegu kavu kwenye bahasha ya karatasi. Mashina yaliyokauka yaache yasimame hadi majira ya kuchipua. Nyuki wadogo hulala ndani yake.

Kuhusu kutuma mbegu nyumbani

Usizitie kwenye sanduku la kwenda Nairobi au Dar es Salaam. Mbegu zinahitaji kibali cha afya ya mimea, kupitia mamlaka zinazosimamia afya ya mimea, KEPHIS nchini Kenya na TPHPA nchini Tanzania, na monaki wa Amerika hayupo Afrika Mashariki hata hivyo. Yupo ndugu yake, *Danaus chrysippus*, wa chungwa mwenye ncha nyeusi za mbawa, anayeonekana kuanzia pwani hadi Kampala. Nairobi kuna majike wanaozaa karibu majike watupu, kwa sababu bakteria aitwaye *Spiroplasma* huua madume wakiwa bado wachanga mno.

Mimea yake tayari ipo. *Gomphocarpus* ndiyo ile yenye vifuko vilivyojaa hewa na vinyweleo, inayoota kwenye malisho na kando ya njia za nyanda za juu. *Calotropis procera*, yenye majani makubwa ya kijivu na maua ya zambarau, inavumilia ukavu wa Turkana na Baringo. Wazee wakitaka vipepeo shambani, waambie waache mashina machache yasing'olewe, upande wa uzio ambao mbuzi hawafiki.